Elfu 92 za kupunguza teke la Glock, na sasa haimalizi hata magazini moja

Kabla hamjaanza na ile ya "ulishika kwa mkono mlegevu", lawama ya kila bastola inayokwama, niseme hivi: hii Glock 17 ninayo mwaka wa sita. Nimepiga nayo mechi za klabu mpaka nimepoteza hesabu, na kwa miaka yote hiyo ilikwama mara mbili, zote kwa sababu ya magazini iliyoanguka kwenye tope. Kwa hivyo mkono wangu tuuache kando.

Jumamosi, siku ya mechi, steji ya kwanza. Taima inalia, natoa bastola, shabaha ya kwanza mbili, ya pili moja, halafu kimya. Natazama, ganda limesimama wima kwenye mdomo wa slaidi, ile sehemu ya juu inayorudi nyuma kila ukipiga, kama bomba la moshi. Nalipangusa, navuta slaidi, napiga mbili, linasimama lingine. Na yale machache yaliyofaulu kutoka hayakuruka. Yaliangukia kiatu changu. Wanaojua wameshanielewa: 9mm yenye afya hutupa ganda hatua kadhaa pembeni, lazima uinuke ukaliokote. Yangu ilikuwa inayatema kama mtoto aliyechoka uji.

Steji ya tatu ndiyo ilinimaliza. Navuta triga, nasikia "tik". Natupa ile risasi, navuta tena, "tik". Sheria za IPSC, shirikisho la kimataifa la mchezo huu wetu, zinakupa dakika mbili kurekebisha bastola iliyokwama, zikiisha steji yako imekatwa. Nilizitumia zote mbili nikiwa nimeelekeza mtutu kwenye ukuta wa udongo, kidole nje ya triga, jasho kwenye miwani, na kikosi kizima nyuma yangu kimekunja mikono. Baadaye niliokota zile risasi mbili nikaziangalia. Kwenye praima, kile kitufe cha nyuma kinachogongwa na pini ili risasi iwake, kulikuwa na alama ndogo tu, kama mtu aliyezigusa kwa ncha ya kalamu.

Sasa tuje kwa fundi aliyeifanya hivi. Sitataja duka wala fundi, pesa ya kujibu barua ya wakili sina. Ni duka la bunduki lenye leseni, liko hapa hapa Nairobi, na wengi wenu mmepita pale. Nilienda na ombi moja: mdomo wa bastola unaruka sana ninapopiga mbili za haraka, nifanye nini? Mtu mwaminifu angeniambia nikazane na mshiko na ninunue risasi za mazoezi. Huyu akanifungulia kabati. "Mkubwa, nikufungie kifurushi cha mashindano. Ukirudi hapa ni kunishukuru."

Kifurushi chenyewe: mtutu mpya wenye nyuzi mbele, kompenseta, kifimbo cha chuma cha springi pamoja na springi ya paundi 20 ya kurudisha slaidi mbele, springi nyepesi ya pini, na triga ya alumini ambayo, tuseme ukweli, inapendeza. Elfu 92. Nikatuma kwa M-Pesa mara mbili. Aliahidi wiki mbili, nikangoja kumi na moja. Kisingizio kilikuwa Marekani. Ni kweli Oktoba 2023 serikali ya kule ilisimamisha kwa muda leseni mpya za kuuza nje bunduki na vipuri kwa raia wa nchi nyingi, na wengi tuliumia. Lakini leseni zilianza kutolewa tena 2024! Huyu bado anauimba ule wimbo kila akichelewa.

Mniwie radhi nikienda pole pole hapa, kwa sababu hapa ndipo nilipoliwa, na sitaki mwingine aliwe.

Kompenseta ni kipande kifupi chenye matundu juu, kinafungwa mbele ya mtutu. Gesi ya baruti ikifika pale inachomoka kwa juu, na kwa kuchomoka juu inausukuma mdomo chini. Maana yake chakula chake ni gesi. Wale wa Open, divisheni ya bastola zilizoboreshwa, wenye risasi kali za .38 Super wanailisha vizuri. Risasi zetu za 9mm za dukani ni laini, kwa hivyo faida ipo lakini ndogo. Usichokosa ni uzito. Na kwenye Glock mtutu hautulii: kila risasi ikitoka, unarudi kidogo pamoja na slaidi, unashuka nyuma, ndipo slaidi inaachiliwa iendelee. Ukining'iniza chuma mbele ya mtutu huo, slaidi inarudi kwa uvivu. Ndiyo maana kila fundi anayejua kazi, akifunga kompenseta, hushusha springi. Ya kiwandani kwa Glock 17 ni paundi 17. Watu hushuka hadi 15, wengine 13, kulingana na risasi wanazopiga.

Wangu alipanda hadi 20.

Nilimuuliza kwa nini. Akanijibu bila kupepesa macho: "Springi ngumu inameza teke, mkubwa." Haimezi chochote. Inazuia slaidi isirudi mpaka mwisho, kwa hivyo ganda halipati nafasi ya kutoka. Na pale slaidi inaporudi mbele, springi hiyo hiyo inaigongesha kwa nguvu na mdomo unapiga mbizi. Kompenseta inapunguza mwendo wa slaidi, springi inaukaba, na mimi ninanunua risasi zile zile zenye uzito wa grini 124 zilizokuwa zikifanya kazi vizuri na bastola ya kiwandani.

Hii ni akili ya zile Subaru za Thika Road. Kijana anafunga egzosti kubwa kama sahani, injini haijaguswa, kompyuta haijaguswa, gari linapiga kelele hadi Juja na kupanda mlima haliwezi. Tofauti ni kwamba Subaru ikizima unapiga honi ukasukumwa.

Kuhusu ile "tik": pini ya Glock inasukumwa na springi ya paundi 5.5. Alinitilia ya 4, ili triga iwe laini. Laini ilikuwa, sikatai. Lakini praima za risasi hazina ugumu mmoja, ziko za kupasuka kwa kuguswa na ziko za kutaka nyundo. Mtu anayekubadilishia hiyo springi bila kukuuliza unapiga risasi gani amekuuzia bahati nasibu.

Na bado sijafika kwenye divisheni. Miaka yote napiga Production, divisheni ya bastola za kawaida za kiwandani. Kompenseta hairuhusiwi Production, sheria iko wazi, na fundi anayejinadi kuwa wa mashindano hakunigusia hata kwa utani. Kosa langu hapo ni nusu, nilipaswa kusoma. Kwenye ukaguzi asubuhi jamaa aliishika, akaigeuza, akaniangalia kwa huruma: "Hii ni Open, ndugu yangu." Basi nikahamishiwa Open, pamoja na watu wenye bastola zilizojengwa kuanzia chini kwa kazi hiyo. Tena nikiwa na nguvu ndogo, yaani daraja la risasi laini. Hesabu ni rahisi: uzito wa grini 124 mara mwendo wa futi 1,100 kwa sekunde, gawa kwa elfu moja, unapata 136. Inapita 125 ya nguvu ndogo, lakini kwa nguvu kubwa Open inataka 160. Kwa hivyo wao wakigusa eneo la C kwenye shabaha wanapata alama 4, mimi 3. Wakigusa D ni 2, mimi 1. Hata kama bastola ingefyatuka kama cherehani ningemaliza mkiani.

Hata holsta haikukubali kompenseta. Niliikata chini kwa msumeno wa mkono Ijumaa usiku, mama watoto ananiangalia tu, hasemi kitu. Heri angesema.

Jumapili nilirudi renji kwa mazoezi. Kuna mzee mmoja pale, mstaafu, anatembea na kiboksi cha springi kilichopangwa kama sanduku la mshona nguo. Nikamweleza. Hakunijibu, akanyoosha mkono. "Weka risasi moja tu kwenye magazini, kijana. Piga." Nikapiga. Slaidi ikarudi mbele ikajifunga, badala ya kubaki nyuma kama inavyotakiwa magazini ikiisha. "Tena." Tukarudia mara tano, mara nne ikafanya vile vile. Basi, kipimo ndicho hicho. Dakika tatu na risasi tano. Fundi wangu wa elfu 92 hakukifanya, na nina uhakika hakukifanya kwa sababu mtutu alionipa ulikuwa safi ndani kama kijiko kipya. Hakuna aliyewahi kufyatua risasi kupitia pale kabla yangu!

Halafu mzee akaishika kompenseta kwa vidole viwili, ikazunguka. Ikazunguka, wakuu! Skrubu ilikuwa imelegea, hakuna hata tone la gundi ya nyuzi. Matundu yaliyopaswa kutazama juu yalikuwa yanatazama kulia, na ndipo nikaelewa kwa nini kuanzia steji ya nne kila kitu changu kilikuwa kinakimbilia kushoto. Gesi inatoka kulia, mdomo unasukumwa kushoto. Ingelegea kidogo zaidi ikae upande, risasi ingegonga ukingo wake ikitoka. Mzee aliifungua akaitia mfukoni mwangu, akasema, "Hii ndiyo ingekuletea shida ya kweli."

Akarudisha springi ya paundi 17 na ile ya pini ya 5.5, zote kutoka kwenye kiboksi chake. Magazini tatu mfululizo, hakuna kilichokwama. Kisha, kwa udadisi wake mwenyewe, akaifunga tena kompenseta sawasawa na kutia springi ya 13. Magazini mbili, safi, na naapa mdomo ulitulia kuliko nilivyowahi kuuona. Hapo ndipo hasira iliponipanda upya. Vipuri havikuwa vibaya. Vilikuwa vimefungwa na mtu asiyevijua. "Bastola yako haikuwa mgonjwa," mzee akaniambia, "imepewa dawa za wagonjwa watatu." Hakutaka hata pesa ya soda.

Jambo linaloniuma kuliko yote nimeliacha la mwisho. Mtutu wangu wa asili uko wapi? Glock ina namba sehemu tatu: kwenye fremu, kwenye slaidi, na kwenye mtutu. Namba ile ile iliyo kwenye cheti changu. Nilipochukua bastola nilikabidhiwa mfuko wa plastiki wenye springi ya zamani ya pini na kipande cha triga. Nikauliza mtutu. "Ah, hiyo huwa tunabaki nayo, mkubwa. Ni ya kubadilishana." Nani alikubali kubadilishana? Risiti haisemi hivyo. Mnakumbuka tulivyopanga foleni wakati wa ule uhakiki wa wenye bunduki, kila kitu kikaangaliwa upya. Leo kipande chenye namba yangu kiko kwenye droo ya mtu, na kikitoka pale kikaenda nisikokujua, mlango utakaogongwa saa tisa usiku ni wangu.

Nimempigia mara nne. Mara ya kwanza ni mkono mlegevu. Ya pili ni risasi zangu mbaya. Ya tatu yuko kwenye mkutano. Ya nne akapokea kijana wa duka, akaniambia fundi ameenda ushago.

Ninachouliza ni viwili. Kuna mtu aliyepata mtutu wake kutoka duka la namna hii bila kufika polisi? Na hapa Nairobi kuna fundi yeyote ambaye, kabla hajakurudishia bastola, anakubali mwende renji naye, upige magazini tatu kwa risasi zako mwenyewe mbele yake? Nitumieni inboksi. Wale wa kuniambia ningenunua Shadow 2, ile bastola nzito ya mashindano, tangu mwanzo, asanteni. Najua ina kilo moja na robo na ushee wakati Glock yangu haifiki gramu 700 bila magazini. Najua uzito ndio kompenseta ya maskini. Pesa ya Shadow 2 ndiyo hiyo iko kwa fundi.

NYONGEZA, saa nne usiku: Kumbe ushago kuna mtandao. Nilimwandikia kwamba kesho asubuhi ninapeleka nakala ya cheti na risiti kwenye ofisi ya leseni. Amejibu ndani ya dakika mbili, neno kwa neno:

"Mkubwa usikasirike mtutu uko salama. Kuja kesho uchukue. Kuja na 3,000 ya kuhifadhiwa."