Neno "sustainable" limetukosesha chanja za dagaa hapa Katonga. Nani atatueleza maana yake?

Wakuu, habari za jioni. Nina hasira na siwezi kulala nayo.

Sisi ni kikundi cha kina mama kumi na wanne, tunakausha dagaa mwaloni, pale boti za uvuvi zinaposhusha, Katonga, Kigoma. Ulikuja mradi mmoja, siutaji jina, unatoa fedha za kujenga chanja. Kwa asiyejua: dagaa ukiwaanika chini wanashika mchanga, kuku wanadonoa, mvua ikipiga umekula hasara. Chanja ni kichanja kilichoinuliwa juu ya ardhi; hapo upepo unapita juu na chini, wanakauka safi na bei inapanda. Tulizitaka chanja zile kwa moyo wote.

Fomu ikaja kwa Kiingereza. Swali mojawapo: shughuli yenu ni "sustainable"? Tukampigia afisa wao, akajibu kwa mkato, "Andikeni kama ni endelevu," akakata simu. Mimi ndiye katibu. Nikawasomea wenzangu, tukashauriana, nikaandika kwa mkono wangu: "Ndiyo, ni endelevu. Tunanunua kila boti zinaposhusha, hatupumziki, na tukipata chanja tutanunua zaidi." Wiki tatu baadaye likaja jibu la mistari miwili. Tumekataliwa, shughuli yetu "haina uendelevu" kwa sababu inaongeza kasi ya kuvuna samaki.

Sasa niambieni, kosa letu liko wapi? Tulia ikatupa tulivu, legea ikatupa legevu, endelea ikatupa endelevu. Kitu endelevu ni kile kinachoendelea. Mtu wa mwaloni akisikia "uvuvi endelevu" anaelewa uvuvi usiokoma, na ana haki kuelewa hivyo. Katikati ya Mei 2024 Ziwa Tanganyika lilipofungwa lisivuliwe kwa miezi mitatu, tuliambiwa ni kwa ajili ya uvuvi endelevu. Mzee mmoja akasimama mkutanoni akauliza, "Endelevu vipi, na ninyi mmeusimamisha?" Watu wakacheka. Hakuna aliyemjibu yule mzee mpaka leo.

Nimeenda kulisoma mwenyewe hilo neno. Asili yake ni Kilatini, kushikilia kitu kutoka chini kisianguke, halafu ule mkia wa "-able" unasema kitu hicho kinawezekana. Wazo lenyewe ni la zamani. Mwaka 1713 Hans Carl von Carlowitz, msimamizi wa migodi kule Saxony, Ujerumani, aliona migodi inamaliza misitu kwa kuni na mbao, akaandika kwamba miti ikatwe kwa kadiri inavyoota tena. Mwaka 1987 tume ya Umoja wa Mataifa iliyoongozwa na Gro Harlem Brundtland wa Norway ikasema maendeleo "sustainable" ni yale yanayokidhi mahitaji ya leo bila kuwanyima watakaokuja uwezo wa kukidhi yao. Wapi hapo pameandikwa "isiyokoma"? Hapo pana kipimo: unachukua kiasi gani, na kinarudi kiasi gani.

Kinachoniuma zaidi ni kwamba Kiingereza kina neno jingine kwa hilo la kutokoma, nalo ni "sustained". Yale Malengo 17 ya maendeleo ya Umoja wa Mataifa ya mwaka 2015, lengo la 8 linataja ukuaji wa uchumi ulio "sustained" na papo hapo ulio "sustainable", sentensi moja, maneno mawili, kwa sababu ni vitu viwili. Sisi tukiyamwagia yote mawili "endelevu" tumeifuta tofauti. Na fomu ile ile, ukurasa wa nyuma, inatumia "sustainable" kwa maana ya tatu: fedha zao zikiisha, kikundi kitasimama chenyewe? Maana tatu, neno moja, na afisa anakata simu!

Wangeuliza kwa Kiswahili cha watu, "Mnachochukua ziwani leo kinaliacha ziwa lizae tena?", mama yangu mkubwa, ambaye ndiye mwenyekiti, angewajibu palepale. Angewaambia dagaa huvuliwa usiku kwa taa, na mbalamwezi ikiwaka taa hazivuti dagaa, boti zinalala, na ziwa linapumua. Angewaambia chanja zinapunguza dagaa wanaoharibika, kwa hiyo wale wale wanaovuliwa wanatosha watu wengi zaidi. Hayo tunayajua. Hatukuulizwa.

Ndugu zetu wa Urambo, Tabora, wanaokausha tumbaku kwa kuni nao wanahubiriwa "kilimo endelevu". Mlioko huko semeni, mnaelewa kulima kila msimu au kupanda miti mliyokata?

Afisa, kama unapita humu, tunaomba fomu irudi na swali liandikwe upya. Leo alfajiri mvua imepiga Katonga. Mabeseni manne ya mama mdogo yalikuwa yameanikwa mchangani, na mpaka saa hizi bado ameinama anachambua dagaa mmoja mmoja.