Karatasi ya adabu kwa wageni, Lamu: niandike nini, niache nini?

Darini_Mkomani ameuliza:

Assalaam aleikum. Natayarisha karatasi moja ya kuweka vyumbani, nyumba ya wageni ya vyumba vinne, Mkomani. Wageni ni mchanganyiko: Wajerumani, Waitalia, na Wakenya wenzetu wa bara ambao nao desturi za Amu (yaani Lamu) hawazijui. Rasimu niliyo nayo ina "usi" ishirini na mbili, inachosha hata kuisoma. Nauliza: yapi yanaudhi kweli na yapi watu huyafumbia macho? Mgeni wa kike ajifunike kichwa au la? Na Ramadhani ikiangukia msimu wa wageni, chakula cha mchana kiende vipi? Tafadhali mtaje na sababu, maana mgeni akijua sababu mengine atayafahamu mwenyewe.

Kibaraza_cha_Langoni:

Waaleikum salaam. Hiyo orodha itupe, uchore ramani. Kinachoruhusiwa Amu hubadilika kila baada ya hatua mia, na mgeni hukosea kwa sababu haoni pwani inapoishia na nyumba ya mtu inapoanzia.

Anza na ufuo wa Shela. Una urefu wa kilomita kama 12, na ukishaziacha nyumba za mwisho nyuma, nguo ya kuogelea haimshughulishi mtu. Njia ya pwani, gatini, Mkunguni mbele ya ngome, na Usita wa Mui, njia kuu ya mji: mabega na magoti yafunikwe. Kwa wanaume vilevile! Karatasi nyingi huandika kana kwamba nguo ni habari ya wanawake peke yao. Stara ya mwanamume ni kitovu hadi magoti, kwa hiyo kaptura fupi na kifua wazi mbele ya msikiti watu wakitoka kuswali Alasiri ni aibu kwa kila aliyeko barazani, ingawa hakuna atakayesema neno. Hapo ndipo mgeni hudanganyika: Mwamu akiudhika hunyamaza.

Vichochoro vya Mkomani ni kama uani. Wanawake hupita humo kwenda kwa jamaa zao, watoto hutoka madrasa. Sauti chini, simu mfukoni. Punda mwenye mzigo akija, mgeni ajibane ukutani upande mmoja na kumwacha apite. Mifuko ya mchanga hutokeza pande zote mbili na punda hajui kukadiria upana wake.

Kisha daka. Yale mabenchi ya mawe mlangoni ni sehemu ya nyumba, ndipo mwenye nyumba anapopokea wageni wake wa kiume. Kupumzika dakika mbili baada ya kutoa salamu hakuna neno. Kufungua chakula, kuvua viatu na kujilaza ni kuingia nyumbani kwa mtu bila hodi. Na mlango ukiwa wazi usidhani umekaribishwa. Nyumba zetu za mawe zina tekani, kipito cha kuingilia baada ya mlango, imepindwa makusudi ili mpita njia asione ndani. Ndiyo maana mlango huachwa wazi. Mgeni anayeingiza shingo na kamera kuzunguka ile kona ameivunja kazi ya fundi wa miaka mia mbili.

Hodi ni mara tatu, kwa nafasi katikati. Asipoitikiwa aondoke, asigonge ya nne.

leso_na_ubani:

Nakubaliana na Kibaraza, ila amesahau kosa kubwa kuliko yote, na kosa hilo liko kwako wewe mwenye nyumba, kaka: darini, yaani juu ya paa.

Nyumba za wageni zimepandisha ghorofa na makuti juu, na kutoka huko mtu anaona moja kwa moja kiwanda cha jirani, yaani ua wa ndani ya nyumba yake. Kiwandani mwanamke yuko kichwa wazi, anafua, anasuka nywele, anamnyonyesha mtoto. Mgeni akisimama ukingoni na kamera akidhani anapiga picha ya mapaa, amemuona mtu alivyo ndani kwake. Karatasi haitalitibu hilo. Weka kizuizi cha makuti kirefu kuliko mtu aliyesimama, upande wa jirani tu. Upande wa bahari uache wazi upepo uingie. Ndege zisizo na rubani ni shida ileile na zaidi: zinahitaji kibali cha Mamlaka ya Usafiri wa Anga ya Kenya, waambie wanapoweka nafasi, kabla hawajapanda ndege na hicho chombo.

Kichwa: mgeni asiye Mwislamu hatakiwi kujifunika mtaani. Akijifunika ni hiari yake. Msikitini ni jambo jingine: kichwa, mikono hadi viganjani, miguu hadi vifundoni, na aombe ruhusa kwanza, maana misikiti mingi hapa haina sehemu ya wanawake. Usiwaahidi wageni kwamba wataingia. Anayeruhusiwa avue viatu na asipite mbele ya mtu anayeswali.

Badala ya maneno mengi, weka doti moja ya leso kila chumba. Kipande cha kwanza kiunoni, cha pili mabegani, mgeni amestirika kwa nusu dakika. Mwanamume mpe kikoi.

Picha za watu: aombe kwa maneno, asinyanyue kamera na kutabasamu. Mwanamke aliyevaa buibui akigeuza uso, jibu limeshatoka. Na mkono: mgeni wa kiume asimnyooshee mwanamke mkono, angoje. Asiponyooshewa, aweke kiganja kifuani na kusalimu. Watu huona kitendo hicho ni cha heshima kubwa kuliko Kiswahili cha kubahatisha. "Jambo" wafundishe waiache. "Sabalkheri" asubuhi, "Masalkheri" jioni, na "Shikamoo" kwa mtu mzima.

Jahazi_Shela:

Mmesema ya nguo bila kutaja maji, na mengi huanzia hapo. Mgeni anatoka Shela asubuhi maji yamekupwa, anatembea ufuoni, anaacha nguo zake hotelini kwa sababu "ni pwani tu". Siku za bamvua, mwezi mwandamo na mwezi mpevu, maji hujaa kwenye saa kumi jioni hivi. Wakati wa kurudi, vipande vya njia ya pwani vimefunikwa na maji yanapiga kuta. Njia inayobaki ni katikati ya mtaa, na yeye yuko na chupi ya kuogelea, watoto wanatoka madrasa. Hakukusudia. Bandika jedwali la maji kujaa na kupwa karibu na mlango wa kutokea, uandike chini yake: chukua leso hata kama huihitaji sasa.

Andika pia saa kwa namna zote mbili. Nahodha akisema saa nne ni saa 10 ya mgeni. Wengine hufika gatini saa 4 jioni kwa saa ya kwao na kulaumu watu.

Anayekwenda magofu ya Takwa, kisiwa cha Manda, asiokote vigae. Mali ya kale hulindwa kwa sheria ya mwaka 2006, hata kipande cha bakuli.

Darini_Mkomani:

Shukran nyote. La makuti limenichoma, nimepanda kuangalia na ni kweli. Ramadhani je, na pombe?

Kibaraza_cha_Langoni:

Ramadhani mgeni halazimiki kufunga, ila asile, asinywe wala asivute sigara njiani. Mikahawa mingi hufungwa mchana, kwa hiyo chakula cha mchana kipikwe kwako na kiliwe ndani, si darini mbele za jirani. Mwambie mgeni usiku uliotangulia, maana mpishi wako naye amefunga na hawezi kuonja chumvi. Chupa ya maji ikae mkobani. Akizidiwa na jua aingie ndani anywe. Magharibi huadhiniwa dakika chache baada ya saa kumi na mbili, au hadi nusu saa baadaye, kutegemea msimu. Dakika hizo asiende kuulizia boti wala dukani, hatampata mtu.

Akialikwa futari, apeleke tende au sukari, avue viatu, anawe, ale kwa mkono wa kulia sehemu ya sinia iliyo mbele yake. Nyama ya katikati mwenyeji ndiye hugawa.

Pombe huuzwa sehemu chache tu za wageni. Inywewe hapohapo. Kutembea na chupa mkononi usiku kupita msikitini hakufumbiwi macho na mtu, mwezi wowote.

leso_na_ubani:

Doti ukinunua huja imeungana. Ikate katikati upeleke kwa fundi apinde pande mbili zilizokatwa, la sivyo itafumuka ikifuliwa mara tatu nne.