Wazee wa baraza tuliitwa, hatukuelekezwa, kisha tukabebeshwa lawama ya kesi kufutwa

Wanajukwaa, naleta malalamiko haya nikiwa na hasira ambayo sioni sababu ya kuificha. Mimi ni mmoja wa wananchi walioitwa kuwa wazee wa baraza, yaani raia wa kawaida wanaoketi na jaji kumpa maoni, wakati mahakama ilipokuja kufanya kikao cha kesi za mauaji wilayani kwetu, kabla sheria haijabadilishwa mwaka 2022. Tulikuwa watatu. Tulisikiliza ushahidi wote, na mwishoni kila mmoja wetu alisema mbele ya watu kwamba haridhiki na ushahidi wa utambuzi, yaani wa shahidi kudai alimtambua mshtakiwa, na kwamba, kwa maoni yake, mshtakiwa hana hatia. Jaji akamtia hatiani na kumhukumu kunyongwa hadi kufa. Rufaa ilipoamuliwa, mwenendo mzima ulifutwa, na sababu iliyoandikwa haikuwa ule ushahidi dhaifu tulioutilia shaka, bali ni sisi wenyewe: kwamba wazee wa baraza walimhoji shahidi maswali ya dodoso, yaani ya kumbana kama afanyavyo wakili wa upande wa pili, na kwamba hawakuelezwa wajibu wao wala hoja za sheria walizopaswa kuzizingatia. Ikaamriwa kesi ianze upya mbele ya jaji mwingine na wazee wa baraza wapya.

Hatukuelezwa. Hilo ni kweli tupu na nitalisema popote nitakapoulizwa. Ninachohoji ni kwa nini gharama ya sisi kutoelezwa inalipwa na mshtakiwa, mashahidi na familia ya marehemu, huku aliyekuwa na wajibu wa kueleza akiendelea na kesi nyingine.

Kwa wasioujua utaratibu huu, niseme kwamba Tanzania hatuna juri kama ile ya Uingereza na Marekani, ambako wananchi ndio wanaoamua kama mtu ana hatia. Sheria yetu ya Mwenendo wa Makosa ya Jinai, Sura ya 20, ilielekeza katika kifungu cha 265 kwamba mashauri yote mbele ya Mahakama Kuu yasikilizwe kwa msaada wa wazee wa baraza wawili au zaidi. Kifungu cha 298 kikasema kwamba pande zote zikishafunga ushahidi, jaji anaweza kuwafanyia majumuisho, yaani kuwafupishia ushahidi na kuwaeleza sheria inayohusika, kisha ni lazima amtake kila mmoja atoe maoni yake kwa mdomo na maoni hayo yaandikwe. Kifungu hichohicho kikamalizia kwa kusema kwamba jaji hafungwi na maoni hayo. Maana yake ni kwamba mwananchi anaitwa kwa lazima, na asipofika bila sababu ya msingi anaweza kutozwa faini, lakini neno lake halina nguvu yoyote ya kuamua. Tusisahau pia lilikotoka jambo hili. Katika Kenya ya ukoloni, Mzungu aliyeshtakiwa kwa kosa kubwa alikuwa na haki ya kusikilizwa na juri ya Wazungu wenzake, na Mwafrika akawekewa wazee wa baraza wasio na kura. Tumejitawala, tukabadilisha bendera na wimbo, na yule mshauri asiye na kura tukambakiza palepale alipowekwa.

Sasa nieleze ilivyokuwa. Karatasi ya wito niliipata kwa mtendaji wa kata, ikiwa na tarehe, mahali na muhuri, na bila sentensi hata moja ya kueleza naitiwa nini hasa. Asubuhi ya siku ya kwanza karani alituonyesha benchi la mbao pembeni ya meza ya jaji na kutuambia tuzime simu. Mshtakiwa aliulizwa kama ana pingamizi lolote juu yetu, akajibu hana. Huo ndio ulikuwa mwanzo na mwisho wa maelekezo yetu. Hakuna aliyetuambia tuna ruhusa ya kuuliza nini, wala kwamba kuna aina ya swali ambalo mzee wa baraza akiliuliza kesi nzima inaweza kubomoka.

Shahidi mkuu alikuwa mama mzazi wa marehemu. Alisema aliwaona wavamizi kwa mwanga wa taa ya sola iliyokuwa imening'inizwa kwenye msumari juu ya mlango, na kwamba alimtambua mshtakiwa kwa kuwa ni kijana wa jirani. Zamu yetu ilipofika nilimuuliza taa ile ilikuwa imeelekea ndani au nje, na yeye alikuwa amesimama hatua ngapi kutoka kwa yule aliyemwona. Mama akajibu kwamba taa ilikuwa inamulika uani na yeye alikuwa ndani, nyuma ya pazia. Miaka kadhaa baadaye, nilipoanza kusoma mambo haya, niligundua kwamba mahakama zetu, tangu uamuzi maarufu wa rufaa wa mwaka 1980 kuhusu utambuzi wa usiku, zinataka hayo hasa yaulizwe: mwanga ulikuwa wa namna gani, umbali ulikuwa kiasi gani, shahidi alimtazama mtu huyo kwa muda gani, na kama alikuwa anamfahamu kabla. Mimi ni muuza daftari na kalamu, sijasomea sheria, na bado niliuliza lililopaswa kuulizwa, kwa sababu mtu yeyote aliyelala kwenye nyumba yenye taa moja anajua kwamba anayeona vizuri na asiyeona vizuri hutegemea taa imetazama wapi.

Aliyefuata alikuwa mwenzangu, fundi seremala, mtu mzima na mwenye heshima zake. Alimwambia yule mama: "Mama, si ndio nyinyi mliokuwa mnagombania mpaka wa shamba na baba wa kijana huyu? Huoni kwamba unamsingizia kwa ajili ya ugomvi ule?" Mama akaanza kulia. Jaji alikuwa anaandika kwa mkono, na aliendelea kuandika. Wakili wa Serikali hakusimama. Wakili wa utetezi hakusimama. Walikuwepo wanasheria watatu katika chumba kile, kila mmoja akijua kwamba kifungu cha 177 cha Sheria ya Ushahidi kinamruhusu mzee wa baraza kuuliza kwa ruhusa ya mahakama, na maswali ambayo mahakama yenyewe ingeyauliza, si ya kumbana shahidi kana kwamba yeye ni wakili wa upande mmoja. Hakuna hata mmoja aliyemwambia, "Mzee, hapo umevuka mpaka, lirekebishe swali lako." Lingekuwa jambo la nusu dakika. Swali lile likaingia kwenye kumbukumbu za mahakama, likakaa humo kwa miaka, na siku ya rufaa likatolewa kama ushahidi kwamba sisi ndio tulioharibu kesi.

Majumuisho nayo yalikuwa ya aibu. Jaji aliyasoma kutoka kwenye karatasi alizoandika kwa Kiingereza, akifasiri papo kwa papo, kwa haraka, na sehemu kubwa ilikuwa ni kurudia nani alisema nini. Juu ya utambuzi wa usiku hakutuambia lolote. Juu ya tofauti ya kuua kwa kukusudia na kuua bila kukusudia hakutuambia lolote. Wakati huo sheria ya mwaka 2021 iliyokifanya Kiswahili kuwa lugha ya mahakama ilikuwa bado haijatungwa, lakini hata kabla ya sheria hiyo sijui ni jaji gani asiyefahamu kwamba fundi seremala wa wilayani hawezi kushauri juu ya jambo alilosomewa nusu nusu. Wala hili si jambo jipya. Mwaka 1954 iliyokuwa Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilisema, katika uamuzi ambao wanasheria wetu wanaunukuu hadi leo, kwamba maoni ya wazee wa baraza yanaweza kuwa na thamani kubwa kwa jaji, lakini pale tu wanapoelewa vizuri mambo ya kesi pamoja na sheria inayohusika, na kwamba wasipoelezwa thamani hiyo inapungua. Imekuwa ikijulikana tangu mwaka huo. Kesi ngapi zimefutwa kwa kosa hilohilo, na rufaa ngapi zimeandika sentensi zilezile, halafu kikao kinachofuata kinaanza na karani anayesema tuzime simu?

Habari ya posho nitaipitia kwa ufupi, kwa kuwa najua wengi humu wanayo ya kwao. Haikutosha nauli na chakula, ilicheleweshwa, na sehemu yake haijalipwa hadi leo. Mwenzetu wa tatu alikuwa mlinzi kwenye ghala, na mwajiri wake alimkata mshahara kwa siku zote alizokuwa mahakamani, huku mahakama ikimwambia kwamba hilo si jambo lake.

Kinachoniuma zaidi ya fedha ni hali tuliyoachwa nayo mitaani. Maoni ya mzee wa baraza hutolewa kwa mdomo, mahakamani, mbele ya kila mtu. Nilisimama nikasema kwamba kijana yule hana hatia, na jioni ileile nikapanda daladala moja na shemeji zake marehemu. Hakuna aliyewaeleza watu wale kwamba maoni yetu hayamfungi jaji. Walichosikia ni kwamba wazee watatu wamemtetea muuaji, basi tumehongwa. Dukani kwangu waliacha kununua. Seremala alipelekewa maneno ya vitisho. Jaji alipomtia mshtakiwa hatiani, upande wa pili nao ukaanza kutulaumu kwamba tulisema yetu tukashindwa kuyasimamia, na sisi tulikuwa hatuna hata pa kuyasimamia. Hukumu yenyewe ilitaja kwamba wazee wa baraza walikuwa na maoni tofauti, kisha ikaendelea mbele bila kueleza maoni hayo yamekosea wapi. Kwenye Mabaraza ya Ardhi na Nyumba ya Wilaya, sheria inamtaka mwenyekiti atoe sababu anapotofautiana na wazee wake. Kwa hiyo mtu anayegombania kiwanja ana haki ya kujua kwa nini maoni ya wazee yamekataliwa, na anayehukumiwa kunyongwa anatamkiwa tu kwamba jaji hafungwi.

Baada ya rufaa, kijana amerudi mahabusu kusubiri kesi ianze upya. Jirani aliyekuwa shahidi wa pili amekwisha fariki, na ushahidi wake sasa utakuwa karatasi isiyoweza kuulizwa swali. Mama wa marehemu amehamia kwa binti yake mkoa mwingine, na atatakiwa arudi kusimulia tena kifo cha mwanawe, mbele ya watu wengine, kwa sababu tu mara ya kwanza hakuna aliyetaka kutumia nusu dakika. Katiba yetu, ibara ya 107A, inazitaka mahakama zisicheleweshe haki bila sababu ya msingi, na zitende haki bila kufungwa kupita kiasi na masharti ya kiufundi. Niliisoma ibara hiyo baada ya kuisoma hukumu ya rufaa, na nilishindwa kuzipatanisha.

Najua kuna watakaoniambia kwamba jambo hili limekwisha, kwa kuwa marekebisho ya mwaka 2022 yameifanya kuwa hiari ya mahakama kukaa na wazee wa baraza au kutokaa nao, na kwamba Kenya waliwaondoa tangu 2007. Sikubaliani na hoja hiyo hata kidogo. Kesi zilikuwa zinafutwa kwa sababu majaji hawakutimiza wajibu wao wa kuelekeza, na tiba iliyopatikana ikawa kuwaondoa wale waliokosa kuelekezwa. Wengine watasema mwananchi wa kawaida hajui sheria, basi hana kazi mahakamani. Hatukuitwa kwa ajili ya sheria. Tuliitwa kwa sababu tunajua uani unafananaje usiku, ugomvi wa mpaka wa shamba unafika wapi, na mama aliyefiwa huongea namna gani. Hayo jaji aliyehamishiwa kanda yetu mwaka uliopita hawezi kuyajua kwa kusoma faili.

Na kwa kuwa sheria imebakiza hiari hiyo, bado kuna mwananchi anayeweza kupelekewa karatasi kama niliyopelekewa mimi. Kabla hajaketi kwenye lile benchi, nataka maelekezo ya kazi yake yatolewe kwa Kiswahili na yaandikwe kwenye kumbukumbu siku ya kwanza. Nataka swali lisilofaa lizuiwe palepale linapoulizwa, na mawakili wa pande zote wawajibike kulipinga badala ya kulihifadhi kwa ajili ya rufaa. Nataka jaji anayekataa maoni ya wazee wake aandike sababu, na posho ilipwe kabla kikao hakijafungwa.

Kama humu yumo hakimu, karani au wakili anayezifahamu kesi hizi, namwomba anijibu mambo mawili bila kuzunguka. Kesi inapofutwa kwa sababu wazee wa baraza hawakuelekezwa, je, jaji aliyeshindwa kuwaelekeza huulizwa na mtu yeyote? Na sisi tuliotajwa kwenye hukumu ile kuwa chanzo cha kufutwa kwake, tunapeleka wapi maelezo yetu ili nayo yawekwe kwenye jalada?