Naomba ushauri: taa za majirani na kiota cha kasa

Habari zenu ndugu wanakikundi. Najitolea kwenye mradi wa kulinda kasa katika ufukwe ulio karibu na nyumbani, na hapa nimekwama.

Kuna kiota mbele ya nyumba zenye taa nyeupe kali zinazowaka usiku kucha. Watoto wa kasa wakitoka mchangani hufuata upande wenye mwanga zaidi, ambao kwa kawaida ni baharini. Hapa wataelekea nchi kavu, wachoke, wakaushwe na jua au waliwe. Kuhamisha mayai sasa ni hatari: saa chache tu baada ya kutagwa, kiinitete hujishikiza kwenye ganda, na yai likigeuzwa kinaweza kufa.

Nimewaomba majirani wazime taa. Wanaogopa wezi, na hofu hiyo naielewa kabisa. Sitaki ugomvi nao. Tulijaribu kuziba mwanga kwa kitambaa cheusi, upepo ukaking'oa.

Je, taa nyekundu zilizofunikwa juu na kumulika chini zinatosha kweli? Na aliyewahi kuwashawishi majirani wabadilishe taa, alianzaje mazungumzo? Mayai yanakaribia kuanguliwa, nitashukuru mkinijibu mapema.