Waliowahi kufika Terezín na kambi nyingine walikouawa Wayahudi, tupeane uzoefu

Msafiri wa Tanga:
Habari zenu wakuu. Nasoma Prague, mji mkuu wa Cheki. Wiki iliyopita nilipanda basi hadi Terezín, kilometa 60 hivi kaskazini. Nilitegemea kukuta magofu, kumbe ni mji kabisa, watu wanaishi, nguo zimeanikwa madirishani. Ni ngome ya karne ya 18. Mwaka 1941 Wanazi waliigeuza geto, yaani mtaa wa kuwafungia Wayahudi, na hadi vita inakwisha Wayahudi zaidi ya 140,000 walikuwa wamepitishwa humo. Kama 33,000 walifia papo hapo kwa njaa na maradhi. Wengine karibu 88,000 walipakiwa kwenye mabehewa, wengi wao wakaenda kuuawa Auschwitz, kambi ya mauaji ya Wanazi huko Poland.

Kilichonishika ni michoro ya watoto. Friedl Dicker-Brandeis, msanii aliyekuwa mfungwa kama wao, aliwafundisha kuchora na akawataka waandike majina yao kwenye kazi zao. Kabla hajapelekwa Auschwitz, Oktoba 1944, michoro kama 4,500 ilifichwa kwenye masanduku mawili. Nilisimama mbele ya nyumba ya penseli yenye paa jekundu. Chini kuna jina, mwaka wa kuzaliwa, mwaka wa kufa. Nikapiga hesabu: miaka 11. Mdogo wangu wa mwisho ana 11. Nilishindwa kuendelea na chumba kingine.

Nani mwingine amefika? Mlijisikiaje?

Mwalimu Bi Saumu:
Pole sana mwanangu. Mimi nafundisha Ujerumani, nilipeleka wanafunzi huko. Mimi niliumizwa na ule uongo. Juni 23, 1944 wajumbe wa Msalaba Mwekundu walikuja kukagua. Kabla ya hapo nyumba zilipakwa rangi, bustani zikapandwa, na mwezi Mei watu kama 7,500 wakasafirishwa Auschwitz ili mji usionekane umefurika. Wageni wakaonyeshwa watoto wakiimba opera ya Brundibár, wakaondoka wameridhika. Vuli ile ile wengi wa watoto wale walipelekwa kuuawa. Mwanafunzi wangu mmoja aliuliza kwa nini hakuna mjumbe aliyefungua mlango ambao hakuonyeshwa. Sikuwa na la kumjibu, na mpaka leo swali lile ninalo.

Atakayekwenda: Ngome Ndogo, iliyokuwa jela ya Gestapo (polisi wa siri wa Wanazi), iko mwendo wa miguu kutoka mjini. Tenga siku nzima. Na tafadhali, pale langoni msipige picha za kujipamba.

Mnyamata:
Mimi ni Mnyarwanda, naishi Ubelgiji. Nilikwenda Auschwitz, kwenye viatu vile vya waliouawa, nyuma ya kioo. Watu waliniambia utalia, sikulia. Nilijikuta nakagua kiatu kimoja kimoja. Ndipo nikamkumbuka shangazi yangu, tulivyokwenda naye kanisa la Nyamata kule kwetu Rwanda, nguo za waliouawa kwenye mauaji ya kimbari ya 1994 zimerundikwa kwenye mabenchi. Alikuwa akitafuta kitenge cha mdogo wake. Auschwitz sina ndugu, lakini macho yalitafuta vile vile.

Msafiri, hapo Prague ingia sinagogi ya Pinkas. Kutani yameandikwa majina karibu 80,000 ya Wayahudi waliouawa wa Bohemia na Moravia (maeneo ya Cheki), kwa mji na kwa ukoo.

Msafiri wa Tanga:
Asante kaka, shikamoo Bi Saumu. Jina la yule mtoto nililiandika nyuma ya tiketi ya basi, bado ninayo. Jumapili naenda kulitafuta.