Mtoto alishachomwa chanjo ya kichaa cha mbwa, sasa kang'atwa tena. Kinga inakaa muda gani?

MamaNeema_Mugumu
Habari za asubuhi wana jukwaa. Naomba mwenye ujuzi anijibu mapema. Jana jioni mwanangu wa darasa la tatu kang'atwa na mbwa wa jirani alipofuata mpira nyuma ya banda lao. Meno mawili yamezama kwenye kigimbi, damu imetoka. Nimemwosha bombani kwa sabuni ya mche.

Mwaka juzi aling'atwa na mbwa mwingine, akamaliza sindano zote, na kadi ninayo. Mama mkwe anasema kinga hiyo ni ya maisha, nisipoteze nauli. Jirani naye kaleta kadi ya mbwa wake, ina mhuri wa mwezi wa tano mwaka jana, na sasa tupo mwezi wa saba. Nimsikilize nani?

Kibo_Mwenyewe
Pole mama. Ninavyojua mimi chanjo inadumu mwaka mmoja tu, kwa mtu na kwa mbwa. Mtoto aanze upya dozi zote.

Mifugo_Mara
Pole sana dada. Mimi ni bwana mifugo huku huku mkoani, na jambo hili linanigusa kwa sababu nimeona mtu akifa kwa ugonjwa huu. Dalili zikishaanza, hospitali hawana la kumfanyia. Kwa hiyo mpeleke leo.

Mama mkwe yuko karibu na ukweli, ila si wote. Mtu aliyemaliza chanjo, askari wa mwili huendelea kukitambua kirusi kwa miaka mingi, hata zaidi ya 10. Lakini kingamwili zilizopo kwenye damu hupungua, na hakuna anayejua za mwanao zimebaki kiasi gani. Ndiyo maana akipata jeraha jipya huchomwa za kuamsha: moja leo, nyingine baada ya siku tatu. Ile dawa inayodungwa kuzunguka kidonda kwa wasiowahi kuchanjwa, yeye haihitaji. Haanzi upya, ndugu yangu Kibo. Ingekuwa hajapita miezi mitatu tangu amalize dozi, angeoshwa kidonda tu.

Nenda na hiyo kadi, tafadhali. Bila kadi wahudumu hulazimika kumhesabu kama hajawahi kuchanjwa. Na mwoshe tena kwa sabuni na maji yanayotiririka, dakika 15 kamili, ukitazama saa. Watu wengi huishia dakika mbili. Usipake majivu wala mafuta ya taa.

Mimi nimechanjwa kwa sababu ya kazi, na nikiumwa na mbwa nitakwenda vilevile.

Nyamisana
Na kwa mbwa je? Wa kwangu alichanjwa akiwa mdogo, mtu kaniambia inatosha miaka mitatu.

Mifugo_Mara
Zipo chanjo za mbwa zinazofika miaka mitatu, lakini sindano ya kwanza ya mtoto wa mbwa lazima irudiwe baada ya mwaka. Huku kwetu tunachanja kila mwaka kwa sababu nyingine pia: mbwa wa vijijini hawaishi sana, na watoto wanazaliwa kila msimu. Ukichanja 70 kati ya 100 leo, mwakani waliochanjwa wamepungua, wageni wamejaa. Pemba walishautokomeza ugonjwa huu kwa kuchanja mbwa, ukarudi mwaka 2016, ikabidi waanze kampeni tena mpaka ukaisha.

Dada, mbwa wa jirani amepitiliza miezi miwili. Kinga yake haijazimika siku ile ile, ila kadi isimzuie mtoto kwenda kliniki. Msimuue. Afungwe, apewe chakula na maji, mumtazame siku 10. Akigoma kula, akibadilika tabia, akidondosha mate au akifa, nipigieni au mpigieni bwana mifugo wa kata yenu, msiguse mzoga kwa mikono mitupu. Kichwa kinapimwa.

MamaNeema_Mugumu
Asante sana kaka. Tumetoka kliniki sasa hivi, kachomwa ya kwanza, tunarudi baada ya siku tatu. Muuguzi alipoona kadi hakuuliza mengi. Mbwa amefungwa chini ya mwembe, anakula ugali vizuri. Ni jike, ana watoto wanne wadogo bandani, nadhani ndiyo sababu alimrukia.

Mifugo_Mara
Inawezekana kabisa, jike mwenye watoto hulinda banda. Mtazameni hivyo hivyo. Siku 10 zikipita salama, mwambie jirani amlete achanjwe pamoja na hao wadogo. Watu huwaacha nyumbani wakidhani wanasubiri miezi mitatu, na hao ndio mbwa ambao watoto wetu huwabeba kifuani siku nzima. Tunawachanja wakiwa wadogo, halafu wakitimiza miezi mitatu tunarudia.

MamaNeema_Mugumu
Nimemwita jirani kasoma mwenyewe kwenye simu yangu. Anauliza Jumamosi unakuwepo ofisini?

Mifugo_Mara
Nipo, kuanzia saa mbili asubuhi. Aje na kadi, na wadogo awaweke kwenye tenga.