Tenki la rejeta la kufananiza kwenye kibasi cha kulala ndani

MkaziWaTabata: Wakuu nina kibasi cha kizamani nimekiwekea kitanda, tenki la maji ya rejeta limepasuka, orijino silipati, kwenye maduka ya spea Gerezani, Dar nimeonyeshwa la kufananiza, nifunge tu?

SpanaMkononi: Mfuniko wa presha uko wapi mkuu? Kama uko kwenye rejeta, hilo tenki linapokea tu maji yaliyozidi, hata la bei chee poa, ila mpira ufike chini kabisa la sivyo injini ikipoa inavuta hewa. Kama uko kwenye tenki lenyewe usicheze, liwe la kuhimili presha na likae juu kuliko rejeta.

MkaziWaTabata: Uko kwenye tenki, umeandikwa 0.9 (presha kwa bar)

SpanaMkononi: Basi nunua la presha na mfuniko wa 0.9 hivyohivyo. Hiyo presha ndo inafanya maji yasichemke mpaka karibu nyuzi 120, ukiweka mfuniko wa presha ndogo, foleni ya Ubungo itakuumbua.

MamaSafari: Na mtoe hewa iliyonasa kwenye njia za maji jamani! Sisi tulisahau, tukachemsha Chalinze na watoto ndani. Fungua hita, jaza taratibu injini ikiwa baridi, weka kulanti (maji maalumu ya rejeta), sio maji ya bomba.